Kiangazi cha Mtaa wa Inkerman

Jumatatu moja ya Januari, kabla gari la taka halijafika, Edna Sugden alilisukuma pipa lake la karatasi hadi ukingoni mwa barabara, akaligeuza mpini uelekee nje kama halmashauri ilivyoagiza, kisha akasimama kidogo kuvipumzisha vidole vyake. Theluji ilikuwa ikianguka tangu Ijumaa. Ilikuwa imelala juu ya magari, juu ya kuta za mawe, juu ya kibanda cha simu ambacho hakikuwa na simu tena, na juu ya paa lote refu la Mtaa wa Inkerman, ambao nyumba zake zimeshikana bega kwa bega kutoka juu ya kilima hadi chini. Sehemu moja tu ya paa hilo ilikuwa nyeusi. Vigae vya nyumba namba kumi na nne vilikuwa vikavu, vikifuka mvuke, na njiwa wote wa jirani walikuwa wamehamia hapo.

Edna alijua maana ya paa lisiloshika theluji. Kila mtu katika mji wa Hebthorpe alijua. Nyumba ambayo mapazia yake hayafunguliwi, isiyo na mtu wa kutoa pipa, na ambayo theluji haikai juu yake, ni nyumba ya bangi: vyumbani mna mimea badala ya vitanda, na juu ya mimea kuna taa kali zinazowaka mchana na usiku kwa umeme uliovutwa chini ya barabara bila mtu kuulizwa. Siku za theluji polisi hawakulazimika hata kushuka garini. Walipita polepole wakitazama juu.

Alijua pia kwamba nyumba hiyo ni ya Royston Duckett. Duckett alikuwa na nyumba kama hiyo katika kila pembe ya mji, pamoja na karakana ya magari na baa mbili, na kulikuwa na wanaume wazima waliovuka barabara walipomwona akija. Edna hakuwahi kuvuka. Alikuwa mpakuaji wa chakula shuleni wakati Duckett akisoma, na kwake yeye alibaki kuwa yule aliyependa kastadi nyingi na keki kidogo. Kwa hiyo gari la Duckett liliposimama mbele ya namba kumi na nne mchana huo, aligonga kioo na kumweleza kwa sauti ile ambayo mtu humwambia mwenzake kwamba zipu yake iko wazi.

"Royston, mwanangu, paa lako linakuchongea."

Duckett alichungulia juu kupitia kioo cha mbele. "Tangu lini?"

"Tangu Ijumaa. Njiwa wamekwisha kupanga chumba."

"Bi Edna, wewe ni dhahabu," alisema Duckett, na siku hiyohiyo alimletea boksi la chokoleti zenye karanga, ingawa meno ya Edna hayakuziweza karanga.

Hapakuwa na jambo la ajabu katika hilo. Mtaa wa Inkerman haukuwa na desturi ya kupeleka mambo ya jirani polisi. Jirani aliambiwa usoni kwanza, ili apate nafasi ya kurekebisha, na kama hakurekebisha aliambiwa tena.

Mtu mwingine angezima baadhi ya taa. Duckett hakupenda kupunguza kitu chochote kilichokuwa chake. Aliwaza kwamba paa moja jeusi kati ya mapaa meupe linaonekana, lakini mapaa yote yakiwa meusi hakuna la kuonekana. Nyumba za mtaa huo zilijengwa zamani kwa ajili ya wafanyakazi wa kiwanda cha sufu, na huko darini zilitenganishwa na ukuta mwembamba wa tofali moja. Duckett aliwatuma watu wawili wenye nyundo na ovaroli mpya. Waliwaambia wakazi kwamba ni mpango wa kuzuia baridi, usio na malipo, na katika kila ukuta wa darini walitoboa uwazi wa kupita mtu, kisha wakafunga feni za kusukuma joto pande zote mbili. Mzee Sajawal wa namba kumi na sita, aliyestaafu udereva wa teksi, aliuliza kama kutakuwa na vumbi. Aliambiwa litakuwa kidogo. Edna hakuuliza kitu, kwa kuwa hakuwa na la kuuliza.

Kufikia katikati ya juma paa lote lilikuwa jeusi. Helikopta ya polisi, ile yenye kamera inayoona joto, ilipita juu yake mara kadhaa, na rubani akaandika kwamba chini kuna bomba kubwa la maji ya moto.

Siku iliyofuata joto lilishuka ngazi. Halikuwa joto la hita wala la moto wa makaa. Lilikuwa joto la Juni, na lilikuja na harufu ya nyasi zilizokatwa. Lilipita vyumbani, likatoka kwa milango ya mbele, likakaa mtaani. Kufikia Jumamosi theluji ilikomea kwenye kona, penye sanduku la posta, kwa mstari ulionyooka kama ukingo wa mkeka. Upande wa juu wa mstari huo mawaridi yalikuwa yamechanua na nyuki wakiyahudumia. Mtaa wa Alma, ulio chini yake, uliingia giza saa kumi jioni kama ilivyo kawaida ya Januari. Mtaa wa Inkerman ulipata jua hadi saa tatu usiku. Mbayuwayu walifika wakitokea walikokuwa, wakakuta viota vyao chini ya michirizi, wakaingia.

Wakazi walitoa viti vya kukunja. Mzee Sajawal alipanda bamia katika beseni kuukuu la kuogea aliloliweka uani, na baada ya siku chache akawa anagawa bamia kwa majirani ambao hawakujua kuzipika na walioogopa kumwambia. Edna alikuwa na baridi yabisi kwa miaka mingi. Vidole vyake vilikuwa vimejikunja kama vya mtu aliyeshika kamba isiyoonekana, na hakuwa amesukuma unga tangu mazishi ya mumewe, Wilfred. Asubuhi moja aliamka vidole vikiwa vimenyooka. Alivitazama, akavaa aproni, akaoka pai ya nyama na viazi, kisha nyingine ya tufaha, na kufikia jioni hapakuwa na nyumba mtaani isiyokuwa na pai yake mezani.

Malalamiko yalitoka Mtaa wa Alma, ambao watoto wake walikataa kurudi nyumbani kula. Konstebo Ackroyd alipanda kilima kuyachunguza. Alivua kofia kwenye sanduku la posta, akavua koti mbele ya namba sita, na alipofika kwa Edna alikuwa amekunja mikono ya shati. Alikaribishwa kiti na kipande cha pai. Alitazama mapazia yaliyofungwa ya namba kumi na nne, akauliza ni nani anayekaa hapo.

"Hakai mtu," alisema Edna. "Ni ya Royston."

Konstebo alitafuna kwa muda mrefu. Kisha aliuliza kama wangejali akimleta mama mkwe wake Jumapili, kwa kuwa bibi huyo alikuwa na kifua kibaya na daktari alikuwa amependekeza Hispania. Walimwambia amlete. Aliletwa akiwa kwenye kiti chake cha magurudumu, akawekwa chini ya waridi, na kuanzia hapo akaletwa kila Jumapili.

Hali hiyo haikuweza kufichika kwa watu wa biashara. Upande wa pili wa kilima alikuwapo Dale Murgatroyd, ambaye kazi yake ilikuwa kuvunja nyumba za bangi za wenzake siku moja kabla ya mavuno. Alikuja alfajiri na watu wake watatu, wamevaa makoti mazito na vinyago vya sufu, wamebeba mitaimbo. Walipofika namba kumi walikuwa wakitiririka jasho. Walivua vinyago ili wapumue, na papo hapo Edna, aliyekuwa akinywa chai mlangoni, akawatambua wawili kwa sababu ya shule. Aliwauliza hali za mama zao. Walijibu kwamba ni wazima. Aliwapa sharubati ya limau, wakainywa wamesimama, mitaimbo imeegemezwa ukutani, wakaenda zao wakiwa na pua nyekundu za kuchomwa na jua. Duckett alipata habari kabla ya chakula cha mchana. Wiki hiyo Murgatroyd alionekana mjini akiwa na plasta ngumu ya mifupa katika mikono yote miwili, akishikiwa sigara na mtu mwingine, na kwa aliyemuuliza alisema aliteleza kwenye theluji.

Baada ya hapo kulikuwa na utulivu. Ndipo siku moja alasiri Edna alisikia nyayo juu ya dari ya chumba chake cha kulala. Mlango mdogo wa darini ulifunguka, ngazi ikateremka, na kwenye ngazi akashuka mwanamume mwembamba wa umri wa zaidi ya hamsini, amevaa kaptura na shati la ndani, ameshika kopo la kumwagilia maji.

"Samahani, mama," alisema. "Maua yako ya dirishani yana kiu tangu jana. Huwa nayaona kupitia ufa wa vigae, na roho inaniuma."

Aliyamwagilia. Aliyageuza kidogo ili upande wa nyuma nao upate mwanga. Edna aliweka birika motoni, kwa sababu kulikuwa na mgeni.

Jina lake lilikuwa Thuan. Alikuwa mkulima wa machungwa katika mkoa wa Nghe An, nchi ya mbali mashariki, na Kiingereza chake chote alikuwa amekipata kwenye redio iliyoachwa namba kumi na nne, ambayo ilishika kituo kimoja tu na ambayo kipindi chake alichokielewa vizuri ni cha bustani. Ndiyo maana alizungumza kama mtu anayewashauri wasikilizaji wengi. Alikunywa chai kwa kushika kikombe kwa mikono miwili, akaeleza mambo yake bila kulalamika. Aliletwa ndani ya lori. Aliambiwa ni kazi ya kitalu cha maua. Pasipoti yake ilichukuliwa na Duckett ili, kwa maneno ya Duckett, isipotee. Mlango wa mbele ulifungwa kwa nje, na watu wa Duckett waliufungua Ijumaa tu, kuleta kuku, tambi na mbolea. Alikuwa ameambiwa kwamba akitoka polisi watamfunga, na kwamba nyumba ya mkewe huko kwao inajulikana hadi rangi ya mlango wake. Hakujua ameishi mle kwa muda gani, kwa kuwa chini ya taa zile hakuna jioni.

"Na hapo nje," aliuliza, "ni mwezi gani?"

Edna alifikiri. "Inategemea umesimama wapi," alisema.

Tangu siku hiyo alishuka kila alasiri, saa ya chai. Alimfundisha Edna kukata mawaridi juu ya jicho linalotazama nje. Edna alimfundisha kula keki ya tangawizi na jibini, jambo ambalo mwanzoni alilifanya kwa heshima tu. Mzee Sajawal naye alikuja kushauriana naye kuhusu wadudu wa bamia, akamwita Bwana Bustani, na jina hilo likashika kwa mtaa mzima. Wote walimpenda. Kila aliyekutana naye kwa Edna alimletea kitu: soksi, embe, redio nyingine yenye vituo vingi.

Thuan hakutaka redio. Alitaka kitu kimoja, na alikisema siku ya tatu au ya nne, akiokota makombo kwenye sahani kwa ncha ya kidole. Dada yake, Lan, alikuwa Leeds. Alishona mapazia katika chumba kilicho nyuma ya soko. Lan hakujua kama kaka yake yu hai. Thuan aliuliza njia ya kwenda Leeds.

Edna alimweleza kama ambavyo angemweleza mtu yeyote. Teremka kilima hadi stesheni, kaa jukwaa la pili, panda treni ya saa saba. Kabla chai yako haijapoa utakuwa umefika. Alisema ukweli na alitaka aende. Nauli alimtilia katika kibahasha. Alilipiga pasi koti zito la Wilfred, kwa sababu kuanzia kwenye sanduku la posta kulikuwa na baridi ya kuua, na akalishonea kifungo kilichokuwa kimelegea, akifurahia jinsi sindano ilivyomtii.

Walichagua Jumapili, siku ambayo watu wa Duckett hulala. Mtaa wote ulikuwa nje. Kulikuwa na vibendera kutoka dirisha hadi dirisha, meza ndefu katikati ya barabara, stroberi, mabakuli ya saladi, na mama mkwe wa Konstebo Ackroyd amesinzia chini ya waridi. Thuan alishuka ngazi ya Edna, akavaa koti, akafungiwa vifungo vyote hadi kidevuni. Edna alimpa pai iliyofungwa katika kitambaa. Alifungua mlango wa mbele, na Thuan akaweka mguu mtaani.

Wingu lilipita mbele ya jua.

Alipofika kwenye meza, mbayuwayu walikuwa wameondoka. Alimsalimia Mzee Sajawal, na bamia zilizokuwa uani kwa mzee zikadondosha maua yake yote kwa pamoja. Alipofika namba sita, petali za waridi zilianguka juu ya shali la bibi wa kiti cha magurudumu, naye akaamka na kukohoa kile kikohozi cha zamani. Alipofika namba nne kipande cha kwanza cha theluji kilitua kwenye stroberi. Mlangoni kwake, Edna alihisi vidole vikirudi kujikunja, kimoja baada ya kingine, kuanzia kile kidogo cha mwisho.

Hapo ndipo walipoelewa wote, bila kuelezwa, kwamba kiangazi hakikutokana na taa. Taa zilikuwa zinawaka vilevile. Kiangazi kilikuwa kikiteremka kilima ndani ya koti la Wilfred Sugden, kikibeba pai.

Hakuna aliyepaza sauti. Mzee Sajawal aliweka sahani chini, akafuta mikono, akamfuata kwa hatua za mtu anayemsindikiza mgeni. Wengine walimfuata yeye. Walimfikia karibu na sanduku la posta, wakamzunguka kwa upole, kila mmoja akisema kwamba amependeza.

"Ndugu yangu, unaondoka kabla ya kula?" alisema Mzee Sajawal. "Utatuaibisha."

"Nashukuru sana. Lakini treni ni ya saa saba."

"Leo Jumapili. Treni za Jumapili unazijua?"

Thuan hakuzijua. Alimgeukia Konstebo Ackroyd, aliyekuwa amevaa shati la maua, na kumuuliza kama ni kweli kwamba yeye ni polisi. Alimuuliza kwa utaratibu, kama mtu aliyelifanyia mazoezi swali hilo.

Konstebo alitazama nyuma, kilimani, kuelekea kikohozi cha mama mkwe wake. "Leo siko kazini, kaka," alisema.

Basi Thuan akamtazama Edna, ambaye alikuwa amefika nyuma ya wote, ameficha mikono chini ya aproni. "Mama, treni ipo?"

Edna alimwangalia yule mtu ambaye yeye mwenyewe alimfungia vifungo dakika chache zilizopita. Theluji ilikuwa ikianguka juu ya mabega ya koti. Vidole vyake vilimuuma hadi kwenye viwiko.

"Jumapili hii wanatengeneza reli," alisema. "Labda wiki ijayo, mwanangu."

Chini ya kilima treni ilipiga honi, ikasikika ikianza kuondoka.

"Hiyo ni ya mizigo," alisema Mzee Sajawal.

Thuan alisikiliza hadi ilipokwisha. Kisha aliitazama aproni ya Edna. "Vidole vyako vimerudi, mama," alisema. "Ni baridi?"

"Baridi tu."

Alitikisa kichwa polepole, kama alivyofanya mbele ya mmea ulioshambuliwa na ukungu, akageuka. Konstebo alimbebea pai. Walipofika namba sita jua lilikuwa limetoka, na walipofika mezani bibi wa kiti cha magurudumu alikuwa amelala tena. Thuan aliketishwa mahali pa heshima. Stroberi zilikuwa na maji kidogo kwa sababu ya theluji, lakini zililiwa zote.

Duckett alifika kesho yake. Wakazi walikuwa na hofu kwamba atamuumiza Bwana Bustani, na kwa kweli walikuwa wamejiandaa kumtetea. Lakini Duckett alikuwa mtulivu. Alikaa jikoni kwa Edna, akala kipande kikubwa cha pai ya tufaha, akauliza kama kuna kastadi.

"Zamani ungeniambia, Bi Edna," alisema akilamba kijiko. "Kama ulivyoniambia habari za paa."

"Hili halikuwa paa, Royston."

"Naona. Lakini mliniokotea mtu wangu. Sitasahau."

Kila nyumba ilifungwa komeo la chuma kwenye mlango wake wa darini, upande wa chini. Watu wale wawili wa ovaroli walifanya kazi hiyo kwa asubuhi moja na hawakuacha vumbi. Duckett alisema hataweka mtu wa kulinda, kwa kuwa anawaamini majirani. Maneno hayo yaliwagusa. Mzee Sajawal alitumia nafasi hiyo kumweleza waziwazi kwamba mtaa hauridhiki na namna Bwana Bustani anavyotunzwa, kwamba yeye ni binadamu na anastahili kitanda cha kweli, chakula cha moto na mwanga wa mchana. Wengine walisema hivyohivyo, na mmoja alizungumza kwa ukali hasa. Duckett aliwasikiliza, akakubali yote. Kitanda kililetwa. Kwenye vigae vya namba kumi na nne kulitiwa dirisha la kioo kinene, la aina isiyofunguka. Ilikubaliwa pia kwamba kila alasiri, kuanzia saa tisa hadi saa kumi na moja, Bwana Bustani atashuka kwa Edna na kukaa uani, wala si upande wa barabarani. Watu walitoka kwenye mazungumzo hayo wakihisi kwamba wametenda jambo.

Wiki iliyofuata mwanamke mdogo wa umbo, amevaa jaketi la kiume, alisimama kwenye sanduku la posta, upande wa theluji. Uzi wa rangi ya dhahabu ulikuwa umenasa kwenye mkono wa jaketi. Alikuwa na picha, na aliionyesha kwa kila aliyepita. Mzee Sajawal alimwambia miwani yake ameiacha ndani, akampa mfuko wa bamia. Konstebo Ackroyd, ambaye siku hiyo alikuwa kazini, alimshauri kwa adabu afike kituoni katika saa za kazi. Edna, aliyekuwa mlangoni kwake, alimwona kwa mbali, na hakuhitaji kuiona picha, kwa sababu mwanamke yule alikishika kikombe cha chai alichopewa na jirani kwa mikono miwili. Alikumbuka kwamba kuna kitu katika oveni. Wakati huo Thuan alikuwa amelala chali kwenye kitanda chake kipya, akitazama dirisha lake. Lilielekea juu, na aliona mbayuwayu tu.

Mwezi Februari waligundua kwamba ana siku ya kuzaliwa. Alikuwa ameitaja bila kukusudia, akizungumzia wakati mzuri wa kupanda machungwa, na Edna akaikariri. Waliandaa kwa siri. Kuzunguka mtaa ulikuwa wakati mbaya kuliko nyakati zote za mwaka: mabomba ya Mtaa wa Alma yalikuwa yamepasuka, na basi la kwenda Leeds lilikuwa limekwama kwenye kilima kingine. Uani kwa Edna watu walikaa pekupeku. Aliposhuka saa tisa walimwimbia wimbo wa kuzaliwa, Mzee Sajawal akiimba sauti ya chini kabisa. Keki ilikuwa ya machungwa. Edna alikuwa ameichanganya, ameipiga na kuipamba kwa mikono yake mwenyewe, na hapakuwa na ufa hata mmoja juu yake.

Thuan alizima mishumaa. Aliwashukuru kama wasikilizaji wapendwa. Walimpa kofia ya majani ya kujikinga na jua, akaivaa, ikamkaa vizuri. Alikula vipande viwili na kuisifia keki, hasa ulaini wake, na hakuuliza njia ya kwenda mahali popote. Alikuwa hajauliza tangu Jumapili ile. Watu walichukulia kwamba amezoea. Baadaye alimsaidia Edna kuvuna vitunguu, na kwa muda walifanya kazi bega kwa bega, jua likiwa migongoni mwao. Kama mtu angemuuliza Edna wakati huo, angesema kwamba katika maisha yake yote hakuwahi kuwa na mwaka mzuri kama huu.

Saa kumi na moja ilipofika hakuna aliyehitaji kumkumbusha. Alisimama, akakung'uta makombo, akawapa wote mkono. Edna alipanda naye hadi chumbani, akamshikia ngazi, akampandishia kipande cha keki kilichobaki, kimefunikwa sahani. Mlango wa darini ulishuka na kukaa mahali pake. Edna alisimama juu ya kiti, akalishika komeo kwa vidole vyake vilivyonyooka, akalisukuma polepole sana, ili lisilie, kwa kuwa kwa wakati huo alikwisha kujua kwamba Bwana Bustani hakupenda kulisikia.